Gari likishushwa, namba za kijani peke yake hazitoshi

Wengi wanaotuletea gari lililoshushwa hawaji kwa ajili ya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mlalo na uelekeo wa magurudumu. Wanakuja kwa sababu ya tairi. Gari likiwa limesimama chini, tairi linaonekana zima: mistari ina kina, maandishi ya ubavuni bado yanang'aa. Likishapandishwa kwenye lifti, ukipitisha mkono upande wa ndani, ule unaotazamana na shokapu, unakutana na kipara, na pembeni kabisa waya zimeanza kuchungulia. Mwenye gari anashangaa, maana tairi ni jipya, na swali lake la kwanza huwa lile lile: "Fundi, hizi tairi nilizouziwa ni feki?"

Mara nyingi si feki. Gari lilishushwa, likakaa vizuri, likapendeza, na hakuna aliyepima magurudumu baada ya hapo. Au lilipimwa, mashine ikaonyesha namba za kijani mbele, yaani ziko ndani ya kipimo, mteja akalipa akaondoka, na nyuma hapakuguswa kabisa.

Hatumkatazi mtu kushusha gari. Mark X iliyoshuka sentimita 3 na kukaa sawasawa juu ya rimu zake ni gari zuri, na kazi hiyo tunaifanya wenyewe hapa gereji. Tunachoshikilia ni kwamba kushusha na kupima magurudumu ni kazi moja. Anayekutajia bei ya springi na ufundi bila kukutajia alaimenti amekutajia nusu ya gharama, na ile nusu nyingine utailipa kwenye duka la matairi.

Gurudumu linahama bila kuguswa

Gurudumu limeshikwa na amu, yaani vyuma vinavyoliunganisha na bodi, na kila amu ina bushi (kiungo cha raba) upande wa bodi na boljointi (kiungo cha chuma kinachozunguka) upande wa gurudumu. Bodi ikishuka, amu zote zinabadili mlalo. Kwa kuwa hazina urefu mmoja wala hazianzii sehemu moja, kila moja inalivuta gurudumu kwa kadiri yake.

Chukua Mark X au Crown. Mbele zina amu ya juu na za chini, na ile ya juu ni fupi. Gari likishuka, amu fupi inakivuta kichwa cha gurudumu kuingia ndani kwa haraka kuliko amu za chini zinavyofanya kwa upande wao. Ukisimama mbele ya gari unaona magurudumu yamelala: juu yameingia, chini yametoka. Mlalo huo mafundi tunauita kemba, na ukielekea ndani hivyo tunasema kemba hasi. Nyuma nako kuna amu nyingi, na kemba huongezeka vilevile, pengine kuliko mbele. Ndiyo maana kwenye Mark X zilizoshuka sana matairi ya nyuma mara nyingi ndiyo yanayokufa kwanza. Mwenye gari hana habari, kwa sababu stelingi haimwambii chochote kuhusu kinachoendelea nyuma.

IST na Vitz ni habari nyingine. Mbele shokapu yenyewe ndiyo inayolishika gurudumu kwa juu, na nyuma kuna mhimili mmoja wa chuma unaounganisha magurudumu mawili. Ukishusha nyuma, mhimili unabaki ulivyo, na kemba na tou (uelekeo wa magurudumu, tutaueleza hapa chini) za nyuma karibu hazibadiliki. Mwenye IST kazi yake kubwa iko mbele, na gharama yake inakuwa ndogo. Subaru Impreza na Forester ziko kati ya hao wawili: mbele zina mfumo wa shokapu kama IST, lakini nyuma kila gurudumu linajitegemea, kwa hiyo nyuma lazima papimwe.

Kemba inaonekana kwa macho, ndiyo sababu inalaumiwa sana. Anayeua tairi haraka zaidi ni tou, ambayo huwezi kuiona ukiwa umesimama barabarani. Tou ni uelekeo wa magurudumu ukilitazama gari kutoka juu, kama mtu anayetembea vidole vikitazamana au vikitawanyika. Gari likishuka, tairodi, ile fimbo inayounganisha stelingi na gurudumu, nayo inabadili mlalo, na kwa kuwa urefu wake ni ule ule, inalisukuma au kulivuta gurudumu upande. Kwenye baadhi ya magari magurudumu yanafungukia nje, kwenye mengine yanafungia ndani, kutegemea tairodi imefungwa mbele au nyuma ya mhimili wa gurudumu na iko juu au chini kiasi gani.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Gurudumu lililopotoka robo ya digrii tu, kwa jiometri ya kawaida, linalazimishwa kuburuzwa kwa upande zaidi ya mita 4 katika kila kilomita 1. Nenda Morogoro kutoka Dar, uhesabu kilomita 190 hivi, na raba yako imesuguliwa upande kwa zaidi ya mita 800, safari ya kwenda peke yake. Robo ya digrii huwezi kuihisi mkononi. Gari linaweza kwenda limenyooka kabisa, kwa sababu gurudumu la kushoto na la kulia yamepotoka kwa kiasi kimoja na yanasukumana. Kwa hiyo ukituambia "halivuti popote, liko sawa", sisi bado tutataka kupima.

Kemba hasi ya digrii 1 na nusu, tou ikiwa imewekwa vizuri, tairi linaisha bila haraka, ndani kukitangulia kidogo. Kemba hiyo hiyo ukiichanganya na tou iliyofunguka nje, uzito wote umekalia ukingo wa ndani na ukingo huo huo ndio unaoburuzwa. Hapo ndipo tairi jipya linafika kwenye waya kabla hujalizoea.

Unaweza kujichunguza mwenyewe leo. Gari likiwa limepoa, kata stelingi hadi mwisho ili tairi la mbele lijitokeze, weka kiganja juu ya raba na ukipitishe taratibu kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe kutoka ndani kwenda nje. Ukisikia kwenda ni laini na kurudi kingo zinakwaruza ngozi, hiyo ni tou. Ukikuta ndani kumeisha lakini kwenda na kurudi kote ni laini, inawezekana kabisa ni kemba. Angalia kwanza kama waya hazijatoka, kwa sababu zinachana mkono vibaya.

Kasta tutaipita kwa kifupi. Ni mlalo wa mhimili wa stelingi kuelekea nyuma, na ndiyo inayorudisha stelingi katikati ukitoka kwenye kona. Ukishusha mbele kuliko nyuma, kasta inapungua, na gari kwenye mwendo mkubwa linakuwa jepesi mkononi kuliko ulivyolizoea. Haili tairi, ila inachosha dereva kwenye barabara ndefu.

Namba za kwenye mashine ni za gari la kimo gani?

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaopiga alaimenti ya dakika kumi. Mashine ya alaimenti ina kumbukumbu ya namba za kila gari kama zilivyotolewa na mtengenezaji. Fundi anachagua gari, anafunga vipimio kwenye rimu, na namba zinatokea: kijani ukiwa ndani ya kipimo, nyekundu ukiwa nje. Vitabu vya ufundi vya Toyota, kabla havijakupa namba hizo, vinakupa agizo: pima kimo cha gari, na kama si cha kawaida kirekebishe kwanza ndipo upime alaimenti. Maana yake ile kijani ni ya gari lenye kimo cha kiwandani. Lako halina kimo hicho tena, na mashine haijui.

Kwa hiyo kwenye gari lililoshushwa mtu anatakiwa kufikiri, na maamuzi mengine yanahitaji wewe mwenye gari uwepo. Tou hatuna mjadala nayo. Tunairudisha ndani ya kipimo cha kiwanda, mbele na nyuma, hata kama gari limeshuka sentimita 5. Kemba tunazungumza. Kama gari lina pa kurekebishia, tunaipunguza hadi inapofikia. Kama halina, unachagua: kununua amu au bolti za kurekebishia, kulipandisha gari kidogo, au kuiacha ikiwa nyekundu na kukubali kuzungusha matairi mapema. Yote matatu ni majibu halali. Lisilo halali ni kukuficha.

Tunachokikagua zaidi kwenye kemba ni tofauti ya kushoto na kulia. Kwa magari yake mengi Toyota inataka tofauti hiyo isizidi dakika 45, yaani robo tatu ya digrii. Sisi kwenye gari lililoshushwa tunapenda ibaki chini ya nusu digrii, kwa sababu kemba isiyolingana ndiyo inayofanya gari livutie upande, na ukiiondoa hali hiyo kwa kuchezea tou unakuwa umehamisha tatizo kutoka kwenye stelingi kwenda kwenye tairi.

Karatasi yenye kemba nyekundu, kwa hiyo, si ushahidi wa kazi mbaya. Na karatasi ya kijani tupu kwa gari lililokaa chini kabisa inastahili swali: kemba hii ilirekebishwa kwa kitu gani? Tumewahi kuletewa karatasi ambayo jina la gari lililoandikwa juu si la gari lililosimama mbele yetu. Soma jina la gari kwanza, kisha uangalie kama kuna safu mbili, ya kabla na ya baada. Karatasi isiyo na safu ya kabla haikuonyeshi kilichofanyika.

Kabla mashine haijawashwa

Sehemu kubwa ya kazi yetu inafanyika kabla ya kufunga vipimio. Tunapima kimo kwenye kona zote nne, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, si kutoka ardhini, ili ukubwa wa tairi na upepo wake visitudanganye. Kona moja ikiwa chini kuliko mwenzake, hatuendelei. Springi imekaa vibaya kwenye kikombe chake, au raba yake haikurudishwa, au koilova (springi na shokapu za kurekebishwa kimo) zilifungwa kwa kukisia. Alaimenti ya gari lililoinama ni kupima kitu ambacho kesho kitabadilika.

Halafu tunatikisa gurudumu, juu na chini kwa mikono miwili, kisha kushoto na kulia. Boljointi iliyolegea au tairodi iliyokwisha tunamwita mwenye gari aishike mwenyewe. Hatupimi gari la namna hiyo. Wateja wengine hukasirika: "Bosi, mimi nimekuja alaimenti tu." Tunaelewa, pesa ina mipango yake. Lakini ukiweka tou kwenye tairodi inayocheza, namba uliyoilipia inapotea kwenye tuta la kwanza.

Sasa kuna jambo moja ambalo tungependa kila anayeshusha gari alijue, hata kama hataleta gari kwetu. Ni bushi. Bushi nyingi za amu ni raba iliyogandishwa kati ya bomba dogo la ndani na bomba kubwa la nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linashikwa imara na bodi, na amu inapopanda na kushuka raba ndiyo inayojipinda. Kiwandani bolti zile zilikazwa gari likiwa kwenye kimo chake, kwa hiyo likisimama raba haina mvuto wowote. Unapolishusha gari bila kulegeza bolti, raba inabaki imepindwa saa zote, hata gari likiwa limelala uani. Inavuta kurudisha amu ilikotoka, inalinyanyua gari kidogo kuliko springi inavyotaka, na baada ya muda inachanika. Vibaya zaidi ni fundi aliyezifungua bolti, akabadilisha springi, kisha akazikaza magurudumu yakiwa yananing'inia kwenye jeki. Likishuka chini, raba zote zimepindwa hadi karibu na mwisho wake.

Dawa yake ni kazi ya muda, si ya vifaa. Gari linakaa kwa magurudumu yake juu ya njia za lifti, uzito wote chini, bolti za amu zinalegezwa moja moja, bodi inabonyezwa mara kadhaa ili kila kitu kikae mahali pake, ndipo bolti zinakazwa upya kwa nguvu inayotakiwa. Mara nyingi utasikia raba ikitoa mlio mfupi bolti inapoachia, na gari linaweza kushuka kidogo zaidi pale pale mbele ya macho yako. Ukipima alaimenti kabla ya hatua hiyo, umepima mvutano wa raba. Kila ukishusha gari, popote pale, muulize fundi: bolti za amu umezikaza gari likiwa chini au juu?

Nyuma kwanza

Kupima kwenyewe kunaanza nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. La kulia likifunguka kuliko la kushoto, gari linakwenda upandeupande, na dereva anashikilia stelingi imepinda ili liende mbele. Ukirekebisha mbele tu, unanyoosha stelingi bila kugusa chanzo.

Magari mengi yenye amu nyingi nyuma yana bolti maalumu za kurekebishia tou: bolti yenye sahani ya duara ambayo tundu lake haliko katikati, na mistari midogo pembeni kama alama za rula. Unalegeza nati, unazungusha kichwa cha bolti, na amu inasogea nje au ndani. Hivyo ndivyo ilivyo kitabuni. Kiuhalisia bolti hiyo mara nyingi imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, hasa kwenye magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na kwenye magari yanayolala karibu na bahari. Ukiizungusha kwa nguvu inapinda raba bila kusogeza amu, au inakatika. Ikishika hivyo tunakupigia simu kabla ya kukata chochote, kwa sababu kinachofuata ni bolti mpya na mara nyingi bushi mpya.

Mbele tunatanguliza kemba na kasta, kisha tou mwishoni, maana kila ukigusa kemba tou inahama. Subaru zinatusaidia: moja ya bolti mbili zinazoshika shokapu na gurudumu la mbele ni ya kurekebishia kemba tangu kiwandani. Kwa Toyota ndogo kuna bolti za kubadilishia, nyembamba kidogo kuliko za awali, zenye vidoti kichwani kuonyesha kiasi cha marekebisho. Zinatoa robo au nusu digrii, wakati mwingine zaidi, na bei yake ni ndogo. Kabla ya kugusa tairodi stelingi inafungwa ikiwa imenyooka kabisa, na tou inagawanywa sawa kushoto na kulia.

Kuna kitu kimoja mashine haiwezi kukiondoa. Gari likishuka sana, tairodi na amu ya chini haziendi tena pamoja, na kila gurudumu linapopanda tuta tou inabadilika njiani, kisha inarudi. Dereva anaiona kama stelingi inayotikisika yenyewe kwenye mawimbi ya lami. Alaimenti imewekwa gari likiwa limesimama, kwa hiyo haigusi hali hiyo. Dawa ni kulipandisha gari kidogo au kuweka vifaa vinavyorudisha tairodi na boljointi kwenye mlalo wake. Tunakuambia hili mapema ili usirudi ukidhani alaimenti haikufanyika.

Baada ya hapo tunatoka barabarani. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yaende pembeni, kwa hiyo gari lolote ukiliachia stelingi litaelekea kushoto polepole. Hilo ni la barabara. Tunatafuta sehemu tambarare na kujaribu kabla ya kutoa hukumu.

Vingine viwili vinavyosahaulika. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza lina sensa inayosoma stelingi iko wapi, na baada ya alaimenti Toyota inataka mfumo huo ufundishwe upya sifuri yake kwa kompyuta. Ukiruka hatua hiyo, taa ya kuteleza inaweza kuwaka kwenye kona bila sababu. Na taa za mbele zinapimwa upya, kwa sababu mbele na nyuma haviwezi kushuka sawasawa kabisa. Mwanga ukienda juu unampofusha anayekuja, ukienda chini hulioni shimo hadi umeliingia.

Springi za kukata

Tuseme wazi: springi iliyokatwa kwa grainda au kuchomwa moto ili ilegee hatuipimi. Tunajua ni rahisi na tunajua inafanywa. Springi ni chuma kilichopewa ugumu wake kwa joto lililodhibitiwa. Moto wa gesi unauondoa ugumu huo sehemu moja, na hapo itaendelea kulala au itakatika. Iliyokatwa kwa grainda ina tatizo lingine: mwisho wake haukai tena kwenye kikombe ulichotengenezewa, na ikiwa fupi mno inaachia gari linaponyanyuliwa au gurudumu linapotumbukia kwenye shimo. Springi iliyoachia inaweza kugusa tairi. Zaidi ya hayo shokapu inabaki ya urefu ule ule, nafasi yake ya kufanya kazi imekwisha, na gari linagonga raba ya mwisho kila tuta.

Kama bajeti haitoshi springi za kushushia zilizotengenezwa kwa gari lako, subiri. Gari la kimo cha kiwandani lenye rimu nzuri linapendeza pia.

Kuhusu kimo chenyewe, ushauri wetu kwa gari la kila siku hapa Dar ni sentimita 2 hadi 3. Magari yetu mengi yametoka Japani, na baadhi yalishushwa huko huko kabla hujayanunua. Sheria za ukaguzi za Japani zinataka nafasi isiyopungua sentimita 9 kati ya ardhi na sehemu ya chini ya gari, na huko hakuna matuta yetu, rasta zetu wala mashimo yanayoachwa na masika. Kama umenunua gari karibuni na hujui historia yake, chungulia springi nyuma ya gurudumu. Za kiwandani kwa kawaida ni nyeusi. Ukikuta nyekundu, kijani au bluu, gari hilo huenda lilishashushwa na mtu mwingine, na alaimenti yake hakuna anayejua lini ilipimwa.

Wenye pikapu wana la ziada. Baadhi zina valvu ya breki nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, ambayo inapima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukiishusha pikapu, valvu inadhani imebeba mzigo na inapeleka breki nyingi nyuma hata ikiwa tupu. Kwenye lami yenye maji, nyuma inaweza kufunga na kukuzungusha. Valvu hiyo irekebishwe siku hiyo hiyo.

Unapokuja

Springi mpya zinalala kidogo baada ya kuanza kubeba uzito. Siku ya kushusha tunakuwekea tou ya kukuwezesha kuendesha salama, kisha unaendesha kilomita 300 hadi 500 za kawaida, ndipo unarudi kwa alaimenti kamili. Ziara zote mbili zimo kwenye bei moja ukishusha kwetu. Kama ulishusha kwingine, unalipia alaimenti na muda wa kulegeza bushi, na ukaguzi wa kwanza tunaufanya ukiwepo ili uamue mwenyewe kama tuendelee.

Lete gari likiwa kama unavyolitumia. Ukibeba sabufa kubwa kwenye buti kila siku, iache humo. Ukibeba mifuko ya saruji ya leo tu, itoe. Kama gari ni la familia na mara nyingi mnakaa watano, tuambie, kwa sababu litashuka zaidi na tou itahama, na tunaweza kupima kwa uzito huo. Mafuta yawe nusu tangi au zaidi. Kama una karatasi ya alaimenti ya zamani, hata iliyochakaa, ije nayo. Gari likiwa chini kiasi cha kugusa njia ya kupandia kwenye lifti, tupigie kwanza tuandae mbao, na uje asubuhi, maana bolti zilizoshika kutu haziangalii saa na hatupendi kuzikimbiza jioni.